Kumwambia mtu ajikinge na malaria ambayo haioni, shughuli yake

Mie ni mhamasishaji wa kujitolea wa shehia, yaani eneo dogo lililo chini ya sheha, kaskazini Pemba, upande wa Konde huko. Watu wengi wakisikia uhamasishaji wa malaria wanafikiria gari la spika, fulana nyeupe na watoto wa skuli kuimba ikifika tarehe 25 Aprili, siku ya malaria duniani. Hayo yapo na siyasemi vibaya, fulana yenyewe ninayo bado, ila kwa niliyoyaona hiyo ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi ipo hapa, unamwambia nini mama ambae mtoto wake wa kwanza mpaka anaingia darasa la tano hajaumwa malaria hata siku moja, na wa pili pia, na jirani yake pia, halafu unamwambia leo usiku na joto hili la kaskazi aingie ndani ya chandarua?

Sie tuliozaliwa miaka ya 80 hatukuhitaji kuhamasishwa na mtu. Ukipata homa usiku bibi anakugusa shingo, asubuhi unapewa klorokwini, chungu mpaka kesho yake, na ile miwasho jamani, unajikuna mpaka unalia, wengine tulikuwa tunaibana shavuni tunakwenda kuitema nyuma ya nyumba, na ndo mana homa ilikuwa inarudi rudi. Baadae ikaja kujulikana vijidudu vyenyewe vishaizoea klorokwini, hata ungeimeza yote ilikuwa bahati nasibu. Wodi ya watoto kitanda kimoja wanalala wawili watatu, mama zao chini kwenye mikeka.

Na kulikuwa na degedege. Hili nalitaja kwa makusudi mana wengi walioshindwa kwenye kampeni walishindwa hapa. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, meno yanabanana, na wazee walishaamini kuwa hilo si jambo la spitali, tena ukimpiga sindano ndo unammaliza. Basi anafukizwa kwanza, anasomewa, mpaka anapelekwa spitali keshachoka kabisa, anapigwa sindano anafariki, na hapo maneno ya wazee yanakuwa yamethibitika, si mmeona? Walikuja watu wa kampeni wakasimama mbele ya watu wakasema degedege ni malaria iliyopanda kichwani, acheni ushirikina. Yaani neno hilo la mwisho tu likafunga masikio ya mji mzima. Nani anataka kuambiwa bibi yake mshirikina mbele ya watu?

Kilichosaidia kwetu ni bi mkubwa mmoja, mfukizaji mwenyewe, ambae watoto wote wa kijiji wamepita mikononi mwake. Hakuitwa kwenye semina, alifatwa kwake na nesi wa kituo ambae ni mjukuu wa dada yake, wakakaa jikoni wakazungumza. Sijui walizungumza nini. Tulichokiona ni kwamba ukimpelekea mtoto ana homa anakuuliza "kashapimwa?" Ukisema bado, anajitanda kanga anakupeleka yeye mwenyewe mpaka kituoni, mkirudi na dawa ndo anafukiza. Hakuacha kazi yake, aliibadilisha foleni tu. Mie nikajifunza pale kuwa kumpokonya mtu imani yake ni safari ndefu, lakini kumwomba aanze na kipimo ni jambo la siku moja.

Mabadiliko makubwa yalikuja haraka mno. Dawa mseto zilianza kutolewa Zanzibar 2003, vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wingi 2005 na 2006, na mwaka huohuo 2006 upigaji dawa kwenye kuta ukaanza nyumba kwa nyumba, pesa nyingi zikitoka Marekani na Mfuko wa Dunia. Baada ya miaka miwili mitatu tu ukipima watu mia mtaani hupati hata mmoja mwenye vijidudu, mana kiwango kilishuka chini ya asilimia 1 na kwa sehemu kubwa kimekaa hapohapo. Wodi zikawa tupu. Wauguzi wanaosoma sasa hivi wengine wanamaliza chuo hawajamuona mtoto wa malaria kali kwa macho yao.

Upigaji dawa ulinifundisha kitu kuhusu nani anasikia tangazo na nani anafungua mlango. Matangazo yalikuwa yanatolewa msikitini baada ya Ijumaa na barazani, wanaume wote wanajua siku gani wapigaji wanakuja. Siku ikifika wanaume wako baharini au shamba, nyumbani yupo mke, na mlangoni wamesimama vijana wanne hawajui, wana ovaroli, barakoa na mabomba mgongoni. Bibie mmoja, mumewe yuko dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali, alizungumza na sie kupitia dirishani, "mume wangu kenda dago, nikufungulieni nyie niambiwe nini?" Na kweli aambiwe nini. Ripoti ikaandikwa nyumba imekataa. Haikukataa, haikuulizwa vizuri! Tukaanza kupita siku mbili kabla, mie na mwanamke mwenzake wa mtaa, tunazungumza na wenye nyumba, tunapanga nani atakuwepo, vyombo vya chakula vitolewe lini, mgonjwa au mtoto mchanga akae kwa nani. Milango ikafunguka.

Halafu kunguni. Ukipiga dawa ile ya kwanza kunguni walikuwa wanachokozeka wanatoka kwenye nyufa za ukuta na vitanda vya kamba, mtu anawaona wanatembea mchana kweupe kama wana msiba, basi mji mzima ukasema serikali imeleta kunguni. Mie nilikuwa napewa karatasi ya maswali na majibu, kunguni hawamo kwenye karatasi. Nikawa nawaambia kabla, mtawaona, watatoka, walikuwemo humu humu. Ukimwambia mtu kero kabla haijamfika anakuamini na la pili, ukimwambia baada ya kumfika unajitetea.

Jambo la mbu pia hivohivo. Watu wanalalamika "mmetupa vyandarua, mmepiga dawa, mbona mbu wamejaa?" Na ni kweli wamejaa, lakini wale wanaowasikia ni mbu wa vyooni na maji machafu, wanaoleta matende, sio anofelesi wa malaria anaezaliwa kwenye maji yaliyotulia ya mpunga na madimbwi ya mvua. Mtu haoni tofauti, kwake mbu ni mbu. Rafiki yangu wa Makunduchi ananihadithia kwao mwishoni mwa miaka ya 80 walimwagiwa vyooni vile vichembe vyepesi vya plastiki nyeupe vinaelea juu ya maji, mbu hapati pa kutagia wala kiluwiluwi hapati pa kuvuta pumzi, na mbu wakapungua mpaka mtu anahisi mwenyewe akiwa kalala. Watu waliiunga mkono kazi ile kwa nguvu zote mana waliona faida kwa masikio yao. Kampeni ya malaria haina bahati hiyo, inamuua mbu ambae hukumjua na inamwacha yule anaekunyima usingizi, sasa usishangae ukiambiwa dawa yenu feki.

Hoja yangu kubwa kwa watu niliipata kwa bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, sio kwenye kitabu. Yeye aliwakumbuka watu wa DDT, walianza mwishoni mwa miaka ya 50 chini ya mpango wa shirika la afya duniani wakaendelea mpaka 1968. Alikuwa anasema, "walikuja wakapiga, homa ikenda zake. Wakenda zao, homa ikarudi." Basi, hivo tu. Mpango ulisimama, na miaka ya 70 malaria ilirudi kwa kishindo. Miaka ya 80 wakaja tena na DDT na pesa za Wamarekani, mambo yakalegea, ikarudi tena, na hiyo ya pili ndo iliyonikuta mie na klorokwini yangu shavuni. Kwa hiyo nikizungumza na vijana siwaambii malaria inaua, hawanisikii, hawajamuona iliyemuua. Namwomba mzee wa hapohapo barazani ahadithie mwaka ilioondoka na mwaka iliorudi. Wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka na sijui tutafanyaje wakishaisha wote, nilishasema kwenye mikutano wawekwe redioni, Redio Jamii Micheweni ipo hapahapa, mzee akahadithie kwa lafudhi yake mwenyewe badala ya kijana wa mjini kutusomea kikaratasi.

Mabango ya kutisha mimi siyapendi, nisiwe mnafiki. Mradi mmoja, jina niliache, ulituletea mabango ya mtoto kalazwa ana mipira puani, nyuma yake nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo Pemba nzima huioni. Watoto wakawa wanayakimbia, wakubwa wanasema hiyo ya bara huko. Mradi ukaisha, mabango yakawa yanafunikia mitungi ya maji. Ukimtisha mtu kwa kitu kisichokuwepo mbele yake anakuona wewe ndo muongo.

Sasa hivi malaria tuliyonayo kwa kiasi kikubwa inasafiri. Tanga ipo hapo tu, mtu anakwenda na jahazi au boti kununua mahindi, kuzika, kuoa, kumuangalia mama mkwe, anakaa wiki mbili anarudi. Anarudi mzima, anacheka, na homa inamshika baada ya siku kumi au zaidi, mana vijidudu vikishaingia vinakaa kwanza kwenye ini kama wiki moja au zaidi ndo vinatoka kwenye damu. Kwa hiyo yeye anaapa kaipata hapa. Na mfumo wetu wa ufatiliaji kwa kweli ni mzuri, tangu 2008 vituo vilianza kutuma takwimu zao kwa simu, na baadae wakapewa maafisa wa wilaya tableti na pikipiki, akipatikana mgonjwa mmoja tu kituoni afisa anatakiwa afike nyumbani kwake ndani ya siku mbili hivi, apime wote waliomo. Ukitaka kujua kampeni imefaulu au imefeli usihesabu fulana, simama uani siku afisa anapofika.

Mie nishasimama mara nyingi. Pikipiki inaingia, majirani wote wanatoka kuchungulia juu ya ua wa makuti, afisa anatoa tableti anauliza "kuna mtu kasafiri karibuni?" Kimya. "Hakuna." Na kijana mwenyewe amekaa pale, karudi Tanga juzi, mfuko wake wa safari bado uko pembeni ya mlango! Mama yake anamtazama usoni afisa anasema hajatoka hapa. Mwanzo mie nilifikiri ni ukaidi. Sio. Jahazi lile limeshuka bandari isiyo rasmi, mtu anaona anaulizwa habari za uhamiaji. La pili, ukisema ndio mtaa mzima utasema nyumba ile ndo iliyotuletea malaria, na hilo lilishawahi kusemwa kwa mtu mmoja mpaka mkewe akaacha kwenda kisimani asubuhi. La tatu watu wetu hawahesabu Tanga kuwa ni safari, mtu kenda Tanga ni kama kenda Wete.

Tukazungumza na afisa, mtu muelewa, tukambadilishia swali. Usiulize nani kasafiri, uliza usiku wa mwezi huu nani hakulala hapa. Na uliza ndani, sio uani, mmoja mmoja. Majibu yakaanza kuja, huyu alilala dago, huyu alikuwa kambi ya karafuu, huyu alimpeleka mkewe kwao Muheza, na mgeni wetu huyu kaja tangu Jumanne. Pia tukaacha kabisa kusema "malaria ya kutoka bara" kwenye matangazo, mana wapo ndugu zetu wa bara wanaojenga nyumba na kuchuma karafuu, ukiwasema hivo wanajificha, na mtu anaejificha na vijidudu mwilini ndo hasara ya sote. Sasa tunasema aliyerudi apimwe, awe nani awe nani, kama tunavomwambia "karibu", na kipimo kile cha kutobolewa kidole kinatoa jibu kwenye robo saa na kituoni hulipi kitu.

Ugumu mwengine ni kumpima mtu mzima wa afya. "Mie sina homa unanitoboa kwa nini?" Nawaambia mtu mkubwa anaweza kuwa na vijidudu vichache mwili umevizoea, havimtikisi, lakini mbu akimng'ata anavichukua anampelekea mtoto, ni kaa la moto ndani ya jivu hilo, hulioni mpaka ulikanyage. Hapo wengi wanatoa kidole. Wengine wanataka mie nianze, basi nimeshatobolewa vidole vyote kumi hivi.

Kuhusu vyandarua, zamani vilikuwa vinakuja kwa mafungu makubwa, siku hizi kuna mtindo wa kuponi, unakwenda kwa sheha ukiwa na mtoto mchanga au nyumba imeongezeka watu au chandarua kimechakaa, anakuandikia kuponi unakichukua kituo cha afya. Mpango mzuri, ila aliyeupanga nadhani hajakaa Pemba mwaka wa uchaguzi. Sheha kwetu ni mtu wa serikali, siasa zetu mnazijua, kuna nyumba ambazo kuanzia kampeni za kura mpaka miezi mingi baadae hawatii mguu barazani kwa sheha, hata kwa cheti cha kuzaliwa wanasubiri. Mtoto hana kosa hapo. Kwetu tulimuomba mwalimu wa madrasa awe anakusanya majina ya wanaohitaji anayapeleka yeye, sheha anaandika, watu wanachukua. Sheha wetu alikubali bila neno, na hilo namsifu, wapo ambao wangeona wanadharauliwa.

Na msiwagombeze watu wenye chandarua kwenye banda la kuku. Nimewahi kuona mhamasishaji mwenzangu anamfokea bibi kizee mbele ya wajukuu kwa sababu kafunikia miche ya tungule. Ukiuliza unakuta ni cha zamani kimetoboka, kipya kipo kitandani kimefungwa vizuri kuliko cha yule anaefoka. Mie naomba tu nionyeshwe kitanda. Kikiwepo, kuku nao wale raha.

Shida yangu kubwa sasa sio vitandani hata kidogo, ni nje. Yule anofelesi aliyekuwa anapenda kung'ata ndani usiku wa manane ndo aliyepigwa zaidi na dawa na vyandarua, aliyebaki kwa wingi ni wa namna nyengine anaeng'ata na nje pia, tena mapema. Na sie maisha yetu ya usiku yako nje, mpira kwenye tivii ya barazani, maulidi, harusi za mpaka alfajiri, kulala ukumbini wakati wa joto. Huko Unguja 2019 walijaribu hata droni kumwagia dawa kwenye mabonde ya mpunga ya Cheju ili viluwiluwi visitoke, mie nilifurahi kuona picha, ila bonde la kwetu bado tunalifata kwa miguu.

Na wavuvi wa dago. Hawa wanakwenda kupiga kambi visiwani na fukwe za mbali bamvu zima, yaani siku za maji makubwa, au zaidi, wengine wanavuka mpaka pwani ya Tanga na Kenya, wanalala mchangani chini ya tanga la ngalawa. Kila kampeni inawakuta hawapo. Tuliwafata siku moja na vyandarua vya pembe nne, na wakatucheka vizuri tu, utavifunga wapi vikamba vinne kwenye mchanga mtupu? Nahodha mmoja mtu mzima akasimama akachimbia makasia mawili na pondo na mlingoti mdogo, akafunga, akaingia akalala miguu inatoka nje, vijana wakaangua kicheko. Lakini usiku ule watatu waliiga. Waliporudi waliniambia cha duara kingewafaa zaidi mana kinataka ncha moja tu, na rangi nyeupe inaonyesha uchafu wa samaki haraka, waletewe buluu. Nimeyaandika yote nikayapeleka wilayani.

Mwishoni mwa 2023 mvua za vuli zilipokuwa nyingi kupita kiasi na wagonjwa wakaongezeka visiwani, simu yangu haikukaa kimya, watu walewale waliokuwa wananiambia malaria ilishakwisha wakawa wanauliza vyandarua vinakuja lini. Niliona nitumie fursa ile ile haraka kabla hawajasahau, tukapita nyumba zote na orodha ya waliolala nje ya shehia, na tangu hapo orodha hiyo mwalimu wa madrasa anaendelea nayo mwenyewe, anawauliza watoto tu, nani babake karudi? Watoto hawafichi kitu.

Bamvu lijalo kuna kundi linaondoka tena kwenda dago. Vyandarua vya duara nishaviomba, nimeambiwa nisubiri, nahodha nae kanambia yeye anasubiri upepo sio ofisi, kwa hiyo nimemkatia shauri nimpe vile vya pembe nne vilivyobaki na kamba za ziada, na akirudi kila mmoja apite kituoni kabla ya kwenda kwake. Kakubali kwa sharti kituo kifunguliwe alfajiri wanaposhuka na samaki. Nesi bado hajanijibu.